Kioo cha Kale Humtuma Mtu kwa Watu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakusanyaji wenzangu, wataalamu mlioitikia mwaliko, mabibi na mabwana:

Nimeombwa nizungumzie namna ukusanyaji wa vyombo vya kioo vya kale unavyowakutanisha watu, nami nimeupokea wito huo kwa furaha, kwa kuwa ni jambo ninaloliamini kwa dhati. Wapo wanaodhani kwamba kukutana na wenzetu ni starehe inayofuata baada ya kabati kujaa. Mimi naona kinyume chake. Anayekusanya vioo vya kale hawezi kujua kwa uhakika alicho nacho mpaka apite kwa watu, na sababu yake imo ndani ya kioo chenyewe.

Sarafu huandikwa jina la mtawala na mara nyingi mwaka wake. Vyombo vya fedha vya Uingereza hupigwa mihuri inayoonyesha mji na mwaka wa ukaguzi. Bilauri ya divai iliyopulizwa mwaka 1750 kwa kawaida haina chochote cha namna hiyo: haina saini, haina muhuri, haina tarehe, na tanuri ilikotoka pengine ilibomolewa zamani na madaftari yake yakapotea. Viko vichache vinavyokwenda kinyume na desturi hiyo, na tunavienzi. George Ravenscroft, aliyepewa hataza ya kioo chake jijini London mwaka 1674, alianza miaka michache baadaye kubandika kwenye vyombo vyake muhuri mdogo wenye kichwa cha kunguru, ili kuwahakikishia wanunuzi kwamba ule ugonjwa wa kioo kujaa nyufa ndogondogo na kupoteza mng'ao ulikuwa umepatiwa dawa. Vyombo vyenye muhuri huo vilivyosalia ni vichache mno. Hata pale saini ilipo, haimalizi mjadala: jina la Émile Gallé, msanii wa vioo wa Ufaransa, liliendelea kuwekwa kwenye vyombo vya kiwanda chake baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1904, na waghushi nao wakalichukua wakalifanya lao. Jina peke yake, basi, halikuokoi. Unahitaji mtu aliyeona vyombo vingi vya kweli na vingi vya uongo, akaweza kukuonyesha tofauti iliyopo.

Ndiyo maana elimu ya kioo imekaa zaidi mikononi mwa watu kuliko kwenye picha. Picha hukuonyesha umbo na rangi. Haikupi uzito, haikusikilizishi mlio wa kioo chenye madini ya risasi kinapogongwa kidogo kwa ukucha, wala haikuelezi kama mdomo wa bilauri ni laini kwa sababu ulipitishwa motoni au kwa sababu kuna mtu aliyeusaga baadaye ili kuondoa pengo.

Mimi nilifundishwa haya na mama mmoja mkusanyaji, mtu mzima aliyekuwa ameishi na bilauri za karne ya 18 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alitandika kitambaa kinene mezani, akaniomba nivue pete, kisha akanikabidhi bilauri mbili zenye umbo moja na kunitaka nisitoe maoni yoyote kwanza. Aliniambia nipitishe kidole chini ya kitako. Kitako cha bilauri ya kwanza kilikuwa kimeinuka katikati, na chini yake palikuwa na kovu linalokwaruza: hapo ndipo fimbo ya chuma ilipokishika chombo wakati fundi akimalizia mdomo. Kitako kiliinuliwa makusudi ili kovu hilo lisiguse meza. Kilikuwa pia kipana kuliko kikombe chenyewe, jambo linaloonekana mara kwa mara kwenye bilauri za Kiingereza za wakati ule. Kisha alinipa lenzi nitazame ukingo wa kitako, pale panapokutana na meza. Mikwaruzo ya kweli, alinieleza, huenda kila upande, mingine ikiwa mizito na mingine hafifu kama ukungu, kwa kuwa imetokana na meza nyingi na mikono mingi kwa muda mrefu. Kwenye bilauri ya pili mikwaruzo ilikwenda sambamba, yote ikiwa na kina kimoja, na mingine ilikuwa mahali ambapo kitako hakigusi meza kabisa. Kuna mtu aliyekisugua kwa msasa.

Maelezo hayo yamechapishwa na yeyote anaweza kuyasoma. Hata hivyo, nilipoyasoma baadaye niliyaelewa kwa sababu kidole changu kilikuwa kimetangulia kuyajua. Mama yule hakudai malipo, wala hakuwa na cha kuuza. Alitaka kuwe na mtu mwingine anayeona anachokiona yeye, na nadhani wengi wetu tulioko hapa tunaielewa haja hiyo.

Watu wengine ambao ningependa kila mkusanyaji awafahamu ni mafundi wa tanuri. Sisi wakusanyaji hutazama chombo kilichokwisha kukamilika; fundi huona mpangilio wa kazi, yaani nini kilitangulia, nini kilifuata, na ni wapi kioo kilikuwa cha moto zaidi. Chukueni mkono wa jagi. Fundi atakuonyesha kwamba kwenye majagi ya zamani zaidi donge la kioo kiowevu lilibandikwa kwanza juu, karibu na mdomo, likavutwa kuelekea chini, likakunjwa na kumaliziwa kwa ncha nyembamba kwenye tumbo la chombo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 utaratibu uligeuzwa: donge lilibandikwa chini, likavutwa kwenda juu, na sehemu nene ikabaki chini ambako huimarisha ushikio. Ukishaonyeshwa mara moja, unaweza kukisia umri wa jagi ukiwa umesimama upande wa pili wa chumba. Hayo ni maarifa ya mtu ambaye amewahi kuungua vidole, na hakuna njia ya mkato ya kuyapata isipokuwa kwenda kumsikiliza.

Uhusiano huu wa wapenzi wa kioo na mafundi uliwahi kubadili historia ya kioo chenyewe. Mwezi Machi 1962, kwenye jumba la sanaa la Toledo Museum of Art nchini Marekani, Harvey Littleton, ambaye alikuwa mfinyanzi na mwalimu, aliendesha warsha ya kujaribu kuyeyusha na kupuliza kioo katika tanuri ndogo ya kutumiwa na msanii peke yake, wakati ambapo wengi waliamini kwamba kazi hiyo haiwezekani nje ya kiwanda. Mchanganyiko wao wa kwanza haukuyeyuka vizuri. Dominick Labino, mtaalamu wa viwandani aliyeifahamu kemia ya kioo, aliwashauri wayeyushe gololi za kioo zilizotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za kioo, na kioo kikapatikana. Lakini washiriki walikuwa hawajui kupuliza. Aliyewaonyesha ni Harvey Leafgreen, mpulizaji wa kiwandani aliyekwisha kustaafu. Mwalimu, mkemia na mzee mstaafu walisimama mbele ya tanuri moja, na harakati za vioo vya studio, yaani vioo ambavyo msanii huvitengeneza katika karakana yake mwenyewe, zikaanzia hapo. Mtu akiniuliza faida ya kukutana ana kwa ana, sihitaji kwenda mbali zaidi ya mfano huo.

Jambo hili lina uzito wa pekee tukikumbuka kwamba waliotutangulia katika kazi ya kioo walijengwa juu ya siri. Mwaka 1291 dola ya Venice iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto katika mji wa nyumba za mbao, na kwa karne zilizofuata mafundi walikatazwa kuhama na kupeleka ujuzi wao kwingine. Hata hivyo, walihama. Ujuzi una tabia ya kufuata watu. Mwaka 1612 padri Antonio Neri alichapisha jijini Florence kitabu cha maelekezo ya utengenezaji wa kioo, cha kwanza cha aina yake kupigwa chapa. Mwaka 1662 daktari Mwingereza, Christopher Merrett, alikitafsiri na kukiongezea maoni yake. Mwaka 1679 Johannes Kunckel, aliyekuwa na tanuri na majaribio yake mwenyewe, akakitoa kwa Kijerumani pamoja na maoni ya Merrett, kisha akawajibu wote wawili: hapa mmepatia, hapa nimejaribu na haikuwa hivyo. Wanaume watatu wa nchi tatu, ambao mmoja wao alikuwa amefariki zamani, wanazungumza katika kurasa zilezile. Kila ninapoona wakusanyaji wakiinamia chombo kimoja na kusahihishana kwa heshima, nawaona kuwa warithi wa mazungumzo hayo.

Nasema kusahihishana kwa sababu mkutano wa wataalamu haupaswi kuwa mahali pa kukubaliana tu. Mfano mzuri ni kodi ya kioo ya Uingereza. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1745, ikatoza kodi kwa uzito, na kodi hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1845. Kwa muda mrefu wakusanyaji walifundishana kwamba kodi ndiyo iliyowafanya mafundi wapunguze uzito wa bilauri na kupamba miguu yake kwa nyuzi za hewa zilizosokotwa ndani. Wengine wakapinga: mitindo ilikuwa imekwisha anza kuelekea kwenye vyombo vyepesi kabla ya kodi, na hewa iliyosokotwa ndani ya mguu haipunguzi uzito kwa kiasi cha maana. Nimewahi kukaa katika chumba ambamo hoja hiyo ilijadiliwa jioni nzima. Mmoja alikuwa na mizani. Mwingine alikuwa na bilauri iliyochongwa mwaka, na wa tatu akamkumbusha kwamba mchongo unaweza kuongezwa miaka mingi baada ya chombo kutoka tanurini, kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni ushahidi wa mchongaji na si lazima uwe wa mpulizaji. Wa nne akaturudisha Ireland, ambako kodi hiyo haikufika mpaka mwaka 1825 na ambako viwanda kama cha Waterford, kilichoanzishwa mwaka 1783, viliendelea kutoa vyombo vizito vilivyokatwa nakshi. Hatukufikia uamuzi. Niliondoka nikiwa najua namna ya kuuliza maswali ambayo kabla ya hapo nisingeyafikiria, na hilo naliona kuwa pato kubwa kuliko jibu moja.

Katika mikutano ya namna hiyo kila mtu huja na taaluma yake ya mchana. Mkemia ataeleza kwa nini kioo kinachong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno si lazima kiwe cha urani: urani hung'aa kijani kikali, lakini manganizi, ambayo iliongezwa kwenye kioo ili kuondoa rangi ya kijani inayotokana na chuma, nayo hutoa kijani hafifu, na wanaoanza wengi wameuziwa kioo cha manganizi kwa jina la kioo cha urani. Mwanahistoria ataongeza kwamba urani ilitambuliwa na mkemia Mjerumani Klaproth mwaka 1789 na kwamba familia ya watengenezaji kioo ya Riedel huko Bohemia, katika Cheki ya leo, iliitumia kwenye vioo vya manjano na kijani katika miaka ya 1830, kwa hiyo chombo cha urani kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1700 kinajieleza chenyewe.

Pengine mtanikosoa, lakini nadhani sehemu inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mpenzi wa kawaida anavyogeuka kuwa mtaalamu ni ile ya vioo vilivyoshindiliwa kwenye kalibu. Kwa muda mrefu wakusanyaji wakubwa walividharau, wakiviona kuwa vyombo vya bei rahisi vya jikoni. Waliovipenda walilazimika kujifundisha wenyewe. Waligundua kwamba vyombo vingi vya Uingereza vya kati ya mwaka 1842 na 1883 vina alama ndogo ya pembe nne, yenye namba III ya Kirumi juu yake, ambayo ndiyo iliyotengewa kioo, na herufi na tarakimu kwenye pembe zake. Katika vyombo vya mpaka mwaka 1867, herufi ya pembe ya juu ni ya mwaka, ya kushoto ni ya mwezi, na tarakimu ya kulia ni ya siku. Kuanzia mwaka 1868 mpangilio ulibadilishwa: siku ikahamia juu, mwaka ukaenda kulia, mwezi ukashuka chini. Anayetumia ufunguo mmoja kwa alama zote atapotea. Alama hiyo ikisomwa sawasawa hukupeleka kwenye madaftari ya usajili yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, ambako jina la aliyesajili umbo limeandikwa. Watu wasio na cheo chochote cha kitaaluma waliketi na madaftari hayo, wakalinganisha, wakaandikiana, na leo wahifadhi wa makumbusho huwauliza wao. Mlango huo bado uko wazi. Kwa hiyo nawashauri walioanza karibuni wachague eneo dogo, liwe vyombo vya chumvi, vidau vya wino au vifuniko vya chupa, na walichimbe mpaka wao ndio wawe wanaulizwa.

Kuhusu mahali pa kukutana sitasema mengi, kwa sababu mnapafahamu. Jijini London wakusanyaji walianzisha chama chao, Circle of Glass Collectors, mwaka 1937. Chama cha kimataifa cha historia ya kioo kilianza Liège, Ubelgiji, mwaka 1958, na makongamano yake huwaweka pamoja wanaakiolojia, wanakemia na wahifadhi. Jumba la Corning Museum of Glass katika jimbo la New York, lililofunguliwa mwaka 1951, lina maktaba ambayo mtafiti yeyote wa kioo ataihitaji siku moja, na tena lina karakana ambamo William Gudenrath amekuwa akirudia kwa mikono yake mbinu za mafundi wa Venice ili kuthibitisha zilivyofanyika. Minada nayo ni shule, hasa siku ya kukagua mali kabla ya mnada, ambapo unaruhusiwa kushika na kugeuza vyombo bila kununua. Na wafanyabiashara waaminifu wa vitu vya kale, ambao baadhi yetu huwaepuka kwa kudhani kwamba wataka fedha tu, wameshika vioo vingi kuliko wahifadhi wengi. Muulize mfanyabiashara kwa nini amekataa kununua chombo fulani, na utapata somo zima.

Ila kuuliza kuna adabu zake, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona urafiki mwingi ukikosekana kwa ajili ya jambo dogo. Usimwendee mhifadhi wa makumbusho kwa swali la bei. Makumbusho mengi hayataji thamani ya mali ya watu, na swali hilo humfanya ajihadhari kabla hujafika kwenye swali la maana. Muulize chombo ni nini, kilitengenezwa vipi, na ni kipi katika mkusanyo wao kinachofanana nacho. Ukituma picha, tuma ya kitako pia, kisha taja kimo, upana na uzito. Usioshe uchafu wa kale kabla hujauliza, kwani tabaka linalometameta rangi nyingi juu ya kioo kilichozikwa ardhini ni matokeo ya kuoza kwa uso wa kioo chenyewe, na likisuguliwa hubanduka moja kwa moja bila kurudi. Mezani, shika chombo kwa mikono miwili, kamwe usikiinue kwa ushikio wake, na usimpe mwenzako mkono kwa mkono: kiweke chini, naye akiokote. Ukijibiwa kwamba chombo chako ni cha jana, shukuru. Mtaalamu aliyekuambia ukweli usioupenda amekupa kitu alichoweza kabisa kukunyima.

Kuna swali moja ambalo sharti tuulizane hata kama linatuondolea raha, nalo ni la asili ya chombo. Vioo vya Kirumi na vya Kiislamu vimetolewa ardhini kwa wingi bila ruhusa, na kila kaburi lililochimbwa usiku limewapokonya wanaakiolojia maarifa ambayo hayarudi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni uliweka msimamo ambao makumbusho makubwa yameufuata katika ununuzi wao. Chama cha wakusanyaji kina nguvu ya pekee hapa, kwa kuwa mtu peke yake hushawishika, lakini mtu anayejua kwamba wenzake watamuuliza karatasi za chombo zilipo huuliza yeye kwanza kabla ya kulipa.

Na hilo linanifikisha kwenye ombi langu kwa wazee wa kundi hili. Felix Slade, aliyefariki mwaka 1868, aliusia vioo vyake kwa British Museum, na mpaka leo wanafunzi wa kioo wananufaika na mkusanyo huo. Wengi wetu hatutaacha urithi wa kadiri hiyo, lakini tunayo maarifa ambayo yatatoweka pamoja nasi tusipoyaandika. Kwa kila chombo ulicho nacho, andika kwa penseli kwenye kadi ndogo: ulikipata kwa nani na mwaka gani, ni nani aliyekueleza ni cha wapi, na alitoa sababu ipi. Jina la aliyekueleza lisiachwe. Mrithi wako akijua kwamba maelezo yalitoka kwa mpulizaji fulani au mhifadhi fulani, atajua uzito wa kuyapa, na kama yupo hai atajua pa kwenda kuuliza tena. Kadi hizo msizibandike kwa gundi kwenye kioo. Zifungeni kwa uzi laini, na nakala yake mkamkabidhi katibu wa chama.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha. Asanteni sana kwa kunisikiliza.